Kulainisha shaba ya manjano kwa moto: ukiuona wekundu juani, umeshachelewa

Fuawe na Nyundo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Juzi kijana mmoja kaniletea sinia la shaba alilohangaika nalo wiki nzima. Limepasuka ukingoni mahali patatu, na katikati uso umefanya vipele kama ganda la chungwa. Akaniuliza kwa uchungu, "Mzee, mbona moto naipa kila mara?" Nikamuuliza huwa anaipasha wapi. Uani. Saa ngapi? Mchana, akishatoka kuswali adhuhuri. Hapo nikajua. Huyu si wa kwanza kuniletea kazi ya namna hii, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Nikisema shaba ya manjano nakusudia ile ambayo wazee wa pwani wanaiita shaba nyeupe na vijana wa gereji wanaiita brasi: shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Bati zuri la kufulia masinia, madele na bangili ni lile la shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Ndiyo hiyo hiyo inayotengenezewa maganda ya risasi duniani kote, kwa sababu inakubali kuvutwa na kukunjwa ikiwa baridi kuliko aina nyingine za brasi.

Ila kila unapoipiga inakuwa ngumu. Nyundo inaanza kuruka mkononi, mlio unapanda kutoka "dup" hadi "ting". Ukisikia hiyo "ting" acha. Usingoje mpaka uone ufa ukingoni, maana ufa hauponi kwa moto. Ipashe, chembe zake za ndani zijipange upya, iwe laini, uendelee.

Sasa iive kiasi gani? Hapo ndipo vitu vinapoharibika.

Shaba ya 70 kwa 30 hulainika kati ya nyuzi kama 425 na 750 za Selisiasi, na huanza kuyeyuka kwenye 915. Ukiangalia hizo namba utadhani nafasi ni kubwa. Lakini ukikaa kule juu ya 700 chembe zinakua na kukua, na bati lenye chembe kubwa likikunjwa linatoa yale maganda ya chungwa. Kulipasha tena hakulirudishi: mpaka ulipige kwanza likaze, kisha ulipashe kwa kiasi. Kama umeshafika unene wa mwisho, kazi imekwenda. Mimi nalenga 550 hadi 650, bati la milimita moja likishapashika sawasawa linahitaji sekunde chache tu. Joto la chini linafanya kazi pia, ila linataka muda mrefu zaidi. Joto na muda vinakwenda pamoja.

Tatizo la macho ni hili. Kitu chochote kigumu, kiwe chuma, jiwe au shaba, huanza kutoa wekundu wa kuonekana kikifika kama nyuzi 525, lakini hiyo ni gizani kabisa, macho yakiwa yameshazoea giza. Ndani ya karakana yenye kivuli utaanza kuuona karibu na 600. Juani wekundu huo huo umemezwa na mwanga. Siku utakapouona wazi saa saba mchana umeshavuka 700 zamani. Yule kijana alikuwa anaifukuza rangi ambayo jua lilikuwa linamficha. Katikati akapaunguza. Ukingoni moto haukukaa, hapakuiva, nyundo ikapapasua.

Kwa hiyo jambo la kwanza sio gesi wala tochi. Ni kivuli. Mimi nimekata pipa la mafuta nusu, nikalilaza, mdomo umeelekea ukutani mbali na mlango. Ndani nimepanga matofali. Kazi inaingia humo, na kabla ya kuwasha tochi nakaa dakika mbili tatu macho yazoee. Rangi ninayoitafuta ni ile ya kaa lililofunikwa na jivu: unahisi kuna wekundu, lakini ukilikazia macho unapata shaka kama upo. Hapo hapo ondoa moto. Ukiweza kusema bila shaka "hii nyekundu", umezidisha kidogo. Ikifika rangi ya chungwa, ndugu yangu, hiyo ni ya kuyeyushia.

Moto uwe mpana na laini, usiwe ule mkali wa kuvuma wa kukatia. Zungusha, usisimame. Utaona uso unapita rangi za mafuta juu ya maji, halafu unafifia na kuwa mweusi mweusi. Rangi hizo zinakwambia tu kwamba joto linapanda, usizifanye kipimo, kwa sababu mafuta ya mkono na uchafu huzibadilisha.

Kwa asiyeamini macho yake (na mwanzoni usiyaamini) kuna kipimo cha bei nafuu: dawa nyeupe ya kulehemia fedha, ile nzito kama dawa ya meno. Weka doa la ukubwa wa punje ya mchele ukingoni, jingine katikati, jingine upande wa pili. Kwanza litakauka na kuwa jeupe kama chokaa, litavimba, halafu ghafla litakuwa angavu, linatiririka kama maji. Hiyo ni karibu nyuzi 600. Madoa yote matatu yakishakuwa maji, zima. La katikati likiwa maji na la ukingoni bado chokaa, unajua wapi pa kupeleka moto. Dawa hiyo ina floridi, fanyia mahali penye hewa.

Boraksi kavu haifai kwa kipimo hiki, inayeyuka kwenye 743, umeshachelewa. Na chumvi ya kawaida huyeyuka kwenye 801. Chembe ya chumvi ikigeuka maji juu ya sinia lako, liweke pembeni.

Kupoza: wengi wanaogopa kutumbukiza majini wakidhani itakuwa ngumu kama patasi. Hapana. Hiyo ni tabia ya chuma chenye kaboni. Shaba ya 70 kwa 30 ukiizimisha majini au ukiiacha ipoe yenyewe ulaini ni ule ule. Mimi nasubiri wekundu wote upotee ndipo naitia majini, kwa kuwahi tu.

Weusi unaobaki utoe kwa maji moto ya ndimu na chumvi, au ukwaju. Usitie koleo la chuma humo. Ukitia, sinia litatoka na madoa ya waridi, maana shaba nyekundu iliyoyeyuka kwenye asidi inarudi kujipaka juu ya kazi. Tumia kijiti.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu usiku nikifunga karakana.

BangiliMtaani

Mzee, asante sana kwa hii. Sisi huku Nairobi tunatumia koki za maji na kufuli za zamani. Tunayeyusha, tunamwaga kwa mchanga, halafu tunataka kupiga iwe nyembamba. Nimefuata rangi vile umesema, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Bado inavunjika. Ya jana nimeishika na koleo ikiwa bado nyekundu ikakatika mbili mkononi kama biskuti. Nimekosea wapi?

Fuawe na Nyundo

Hujakosea moto, ndugu yangu. Ulichokosea ni kuamini kuwa brasi zote ni moja.

Koki na miili ya kufuli mara nyingi hutengenezwa kwa brasi iliyotiwa risasi, hii risasi ya metali, kama sehemu 3 kwa 100, ili mashine iikate kirahisi. Risasi haichanganyiki na shaba. Inakaa humo ndani kama vitone vidogo vidogo, nayo huyeyuka kwenye 327. Kwa hiyo wewe ukiwa kwenye 600, ndani ya bangili yako kuna matone ya maji maji kati ya chembe na chembe. Ukiibana na koleo inaachana. Ukiitumbukiza majini ikiwa nyekundu inaweza kupasuka vile vile.

Kuitambua kabla ya kupoteza siku: toboa tundu kwa drili na uangalie kinachotoka. Brasi nzuri ya kufua inatoa uzi mrefu unaojiviringa. Yenye risasi inatoa vumbi na vipande vifupi vifupi. Ukiona vumbi, hiyo iyeyushe uimwage katika umbo linalokaribia la mwisho, kisha imalizie kwa tupa na msasa. Usiifue. Kama ni lazima uikunje kidogo, ipashe, iache ipoe yenyewe pale pale kwenye tofali bila kuigusa, kisha kunja ikiwa baridi kabisa, kidogo kidogo.

Na jambo jingine nakuomba kama mdogo wangu: umesema mlango umefungwa. Kivuli nilichosema si kufunga hewa. Fungua mlango wa nyuma, weka pazia jeusi mbele.

Mhunzi wa Bara

Mleta uzi naheshimu maelezo yako ila hapa napinga. Mimi mwaka wa ishirini huu nafua vitasa na bawaba za brasi zikiwa za moto kabisa, rangi ya damu ya mzee, na hazipasuki. Wewe unasema shaba ipigwe ikiwa baridi. Nani kati yetu anadanganya watu?

Fuawe na Nyundo

Hakuna anayedanganya mkuu, na nafurahi umeleta hili. Nondo unayotumia nina hakika ni ya 60 kwa 40, zinki ni nyingi. Ile ikiwa baridi ni kaidi, ikiwa ya moto kati ya 650 na 800 inakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Muntz wa Birmingham ndiye aliyechukua hataza yake mwaka 1832, mabati yake yakavishwa matumbo ya meli kwa sababu yanavingirishwa yakiwa ya moto kwa gharama ndogo. Ya kwangu ya 70 kwa 30 ni kinyume: baridi ni rafiki, moto hasa ikiwa na chembe ya risasi inapasuka. Wewe unapasha ili upige pale pale. Mimi napasha ili nipige kesho.

Mhunzi wa Bara

Nimekuelewa. Kweli nondo zangu zinatoa uzi mfupi kwenye drili lakini si vumbi. Endelea.

Teknohama Kidogo

Kwani si mnunue kile kipimajoto cha kulenga kama bastola? Unaelekeza, unasoma namba, basi.

Fuawe na Nyundo

Ninacho. Nyingi za bei nafuu zinaishia nyuzi 380 au 550, hazifiki tunapokwenda. Halafu kinasoma mnururisho wa joto unaotoka kwenye uso, na shaba inayong'aa hutoa mnururisho mdogo sana, kwa hiyo kitakwambia 150 ukiwa umeshapita mbali. Uso ukishakuwa mweusi kinasogea karibu na ukweli, lakini weusi huo hauko sawa kila mahali. Kwa kazi hii doa la dawa ya kulehemia linakishinda.

Mpika Sufuria

Na alumini je? Tunapaka sabuni.

Fuawe na Nyundo

Sabuni ni sahihi kwa alumini. Yenyewe huyeyuka kwenye 660 na inang'aa mno kuonyesha wekundu wowote, ukisubiri rangi itadondoka. Paka sabuni ya kipande, ikigeuka kahawia iliyokolea ondoa moto. Kwa shaba sabuni inakuwa nyeusi mapema mno, itakudanganya.

Kisiwani Kwetu

Assalaam aleikum. Naandika kutoka Lamu. Swali langu si la moto moja kwa moja lakini naona hapa ndipo penye ujuzi. Nilinunua sinia la shaba la kufuliwa, zuri, nikalitundika kwenye ukumbi wa nyuma. Halikuguswa wala halikuanguka. Baada ya mvua za masika nimekuta limepasuka kutoka ukingoni kuelekea kati, ufa mwembamba kama unywele, na mwingine unafuata mapambo. Fundi aliyeniuzia anasema nimelidondosha. Wallahi sikulidondosha.

Fuawe na Nyundo

Waaleikum salaam sheikh. Kabla sijakujibu: ukumbi huo wa nyuma, punda wanalala wapi?

Kisiwani Kwetu

Chini yake. Banda la punda wawili liko ukutani pale pale. Umejuaje?

Fuawe na Nyundo

Nimejua kwa sababu jambo hili lilishawasumbua watu wengine kabla yetu, nao walikuwa na farasi.

Jeshi la Waingereza huko India, karne ya 19, walikuwa wakihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa majira ya mvua. Mvua zikiisha wakifungua wanakuta maganda yamepasuka shingoni, pale ganda linapoikumbatia risasi. Hakuna aliyeyagusa. Wakayaita mapasuko ya majira, kwa kuwa yalikuja na majira hayo. Ilichukua miaka mingi mpaka mwaka 1921 Moore, Beckinsale na Mallinson walipoeleza chanzo: mkojo wa farasi ukioza hutoa amonia, amonia ikikutana na unyevunyevu huila shaba, na mahali inapoila kwa kasi ni pale ambapo metali ina mkazo uliobaki ndani yake baada ya kufuliwa ikiwa baridi. Vyote vitatu lazima viwepo. Mkazo bila amonia, sinia linakaa miaka. Amonia bila mkazo, linabadilika rangi tu.

Sinia lako lilikuwa navyo vyote. Fundi wako alilimaliza kwa nyundo, akalikaza liwe gumu na la kuliza, akakuuzia bila kulipa moto wa mwisho. Masika ikaleta unyevu, na punda wako wakaleta amonia. Hukulidondosha. Banda la kuku lingefanya vivyo hivyo, na choo kisicho na hewa pia.

Ndiyo sababu viwanda vya risasi mpaka leo vinapitisha shingo ya ganda kwenye moto mwisho wa kazi. Risasi za kijeshi utaona shingo ina doa la rangi ya samawati na kahawia. Hiyo ni alama ya moto ambayo hawaifuti. Kitako hawakigusi, lazima kibaki kigumu, kikilainika ganda linaweza kupasuka ndani ya bunduki. Kwa hiyo kule wanapasha sentimita mbili za juu kwa sekunde chache na kuacha chini baridi.

(Na kabla hajatokea wa kuuliza: maganda ya risasi ni brasi nzuri, lakini msiyaokote wala kuyanunua. Sheria zetu za silaha hazina utani, na lenye fataki hai kitakoni likiingia kwenye moto linakulipukia usoni.)

Kwetu sisi dawa ni rahisi kuliko ya kiwandani, kwa sababu hatutaki kulainisha sinia lililokamilika, tunataka kuondoa mkazo tu. Nyuzi 250 hadi 280 kwa muda wa saa nzima zinatosha. Ugumu unabaki, mkazo unakwenda. Oveni ya mikate inayofika 250 inafaa kabisa. Asiye na oveni atumie chungu kikubwa juu ya mkaa, sinia limelazwa juu ya mchanga mkavu, kifuniko juu. Hapo chuma ndicho kinachokupimia: chukua kipande cha chuma cha pua cha kawaida, kile kinachoshika kutu, kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kilaze kando ya sinia. Kitageuka rangi ya majani makavu karibu na 225, kahawia 255, zambarau 280, samawati 300. Kikianza zambarau punguza mkaa. Kikienda samawati hujaharibu, ila usiongeze.

Kwa ufa uliokwisha kutokea, toboa tundu dogo mwisho wa kila ufa usiendelee mbele, pasha kwa njia hiyo, kisha ulehemu. Na ulihamishe.

Kisiwani Kwetu

Allah akulipe kheri. Nimesoma mara tatu. Fundi wangu nitampelekea haya bila ugomvi, labda naye hajui.

Dada Vidani

Shikamoo baba. Natengeneza hereni za brasi nyumbani, tochi ndogo ya gesi. Mara mbili sasa usiku baada ya kazi napata baridi kali, mwili unauma, mdomoni ladha ya chuma, asubuhi naamka mzima. Nimepima malaria, hakuna. Mwenzangu ananiambia ninywe maziwa kabla ya kazi.

Fuawe na Nyundo

Marahaba mwanangu. Hayo ni homa ya mafusho ya zinki. Inakuja saa kadhaa baada ya kuvuta moshi, inafanana sana na malaria, inaondoka ndani ya siku moja au mbili. Maziwa hayaizuii. Zinki huchemka kwenye 907, na ukiona moshi mweupe na unga mweupe kama wa muhogo unatua juu ya kazi, ujue zinki inaondoka na shaba yako inaharibika pamoja na kifua chako. Kulainisha peke yake kwenye 600 hakuleti moshi huo. Kwa hiyo ama unapasha mno, ama unayeyushia vipande vidogo kwa tochi ile ile. Ni kipi?

Dada Vidani

Nayeyusha ncha ya waya iwe kitone. Ni mapambo ya hereni.

Fuawe na Nyundo

Basi vitone fanya kwa shaba nyekundu, haina zinki, inakubali kuwa kitone vizuri zaidi, kisha lehemu kwenye brasi. Na ufanyie dirishani, upepo ukitokea mgongoni mwako. Ikikurudia hata hivyo, au kifua kikibana, nenda hospitali na uwaambie unafanya kazi na zinki, wasikupe dawa za malaria tu.

BangiliMtaani

Mzee, nimerudi na majibu. Nimenunua kipande cha bati la brasi lile la kuuzwa kwa mita, nimetoboa, uzi mrefu umetoka, unajiviringa mpaka mwisho. Nimekata vipande vitano vya upana wa kidole. Cha kwanza sikukipa moto. Vingine nimevipasha ndani ya debe na doa la dawa juu, kimoja nikatoa moto kabla doa halijawa maji, kimoja pale pale lilipogeuka, kimoja nikahesabu mpaka kumi baada ya hapo, cha mwisho nikakipeleka hadi rangi ya chungwa.

Nimevikunja kwa plaizi, kwenda na kurudi. Bila moto: kimekatika kwa mkunjo wa pili. Cha kabla ya doa: kigumu bado, kinarudi kama springi. Cha doa: kimelala kama ngozi, mgongo laini kabisa. Cha kuhesabu kumi: sawa na hicho, siwezi kuona tofauti. Cha rangi ya chungwa kinakunjika laini pia, lakini ukipitisha kucha mgongoni unasikia mikwaruzo, na ukikiinua kwa taa vipele vinaonekana.

Hivyo vitano nimevipigilia msumari ukutani juu ya meza kwa mpangilio, na chini ya kila kimoja nimeandika kwa chaki. Kesho naanza bangili.